Fallout: New Vegas: nina lundo la maganda ya risasi na seli zilizokwisha, nifanye nini?

Mzururaji_Jangwani

Wakuu, salaam.

Nimeanza gemu ya New Vegas kwa mara ya kwanza, tena nikajitia ushujaa wa kuwasha Hardcore, ile hali ngumu, palepale mlangoni kwa Doc Mitchell, daktari wa mwanzo wa gemu. Sasa naona joto lake. Risasi zina uzito, na mimi nina ugonjwa wa kuokota kila kitu.

Nipo levo ya 9, Intelligence (akili) 6, na kwenye ujuzi Repair (kutengeneza) 45, Science (sayansi) 52. Silaha ninazotumia ni mbili tu: cowboy repeater inayokula .357 na laser rifle niliyoitoa kwenye maiti. Begini kuna hivi: maganda ya .357 kama 180, risasi nzima za 9mm 140, za 5.56 zipo 90, za .308 zipo 33 (na bunduki ya .308 sina), na microfusion cells (seli za laser rifle) zilizokwisha 214. Risasi za .357 zenyewe, zile ninazozihitaji, zimebaki 11. Kumi na moja!

Jana nimekutana na meza ya kutengenezea risasi, nikaifungua kwa bashasha. Orodha ndefu, karibu yote imefifia. Zile seli 214 ndiyo kabisa, hazimo hata kwenye orodha.

Naomba kujua: seli zilizokwisha zinatengenezwa wapi? Hizi risasi nisizotumia nizivunje au niziuze? Na kwa ujumla hii shughuli inalipa, au ni kupoteza muda tu?

Kibopa_wa_Freeside

Mkuu utajichosha bure. Gemu nimeimaliza mara mbili, meza hiyo naipita kama siioni. Ukishafika Vegas, vizibo, ndiyo pesa ya humo, havikusumbui tena. Ukiwa na Luck ya juu kaa kwenye blackjack mpaka kasino wakufukuze, kisha nenda kwa Gun Runners, wauza silaha, ununue risasi za kutosha. Hayo maganda tupa, yanakujazia orodha tu.

FundiMaganda

Usitupe ganda hata moja. Kibopa ni rafiki yangu lakini leo kapotoka.

Nianze na jepesi. Umekosea meza, mkuu. Kuna meza ya risasi na kuna meza ya fundi. Ile ya risasi ni kwa bunduki za baruti peke yake. Mambo yote ya seli, yaani kurudisha zilizokwisha, kugeuza aina moja kuwa nyingine, kuzipa chaji ya ziada, yapo kwenye meza ya fundi, ile ya vyuma yenye jiliwa pembeni. Mimi mwenyewe nilizunguka na seli mfu mpaka levo ya 15 nikidhani gemu ina hitilafu. Zaidi ya hapo kwenye seli simo, subiri mtu wa leza apite.

Sasa turudi kwenye .357.

Unachotakiwa kujua ni kwamba risasi moja hapo mezani ina vitu vinne: ganda, baruti, fataki (kile kidude cha kwenye kitako cha ganda, gemu inakiita primer) na risasi yenyewe kwa maana ya madini. Hapa Kiswahili kinatuchezea kidogo, maana risasi ni chuma laini kizito na risasi ni kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Kwenye gemu ile ya kwanza inaandikwa lead. Nitaiita madini ili tusichanganyane.

Madini ni ya wote. Madini ya 9mm, ya 5.56, ya .308, yote yanaingia kwenye kapu moja na unayatumia popote. Ganda ni la mwenyewe: la 9mm halitakaa liwe la .357. Baruti ni za aina mbili, ya bastola na ya bunduki. Fataki ndizo zinazowakwamisha wengi, kwa sababu kuna ndogo za bastola, kubwa za bastola, ndogo za bunduki na kubwa za bunduki, na .50 MG ina yake peke yake.

Ukishalishika hilo, begi lako linasomeka lenyewe. Cowboy repeater ni bunduki kwa umbo, lakini .357 ni risasi ya bastola: inatumia baruti ya bastola na fataki ndogo ya bastola. 9mm nayo vilevile. Kwa hiyo zile 140 za 9mm ni .357 zilizovaa ganda la mtu mwingine. Vunja zote. Maganda unayo 180 tayari, na hicho ndicho kitu ambacho wenzako huwa wanakikosa. Hesabu haitatoka moja kwa moja, kwa kuwa .357 inakula baruti na madini kuliko 9mm, na baruti ndiyo itakayokuishia kwanza. Hiyo iliyopungua utanunua. Chet, mwenye duka pale Goodsprings, huwa nayo kidogo, Gun Runners wanayo zaidi, na bei yake ukilinganisha na risasi kamili utacheka.

Za 5.56 na .308 usizivunje. Utapata madini, sawa, lakini utabaki na baruti ya bunduki na fataki za bunduki ambazo huna pa kuzitia. Uza nzima, ununue baruti ya bastola. Watu wanapenda kuvunja kila kitu kwa sababu kuvunja kunaleta raha fulani, nawaelewa, ila .308 moja nzima ina thamani kuliko vipande vyake kwa mtu asiye na bunduki yake. Baki nazo kama unawaza kuhamia huko mbele ya safari. Hapo tena huyo ni mnyama mwingine.

Kuhusu orodha kufifia: simamisha alama juu ya jina, upande wa pili utaona kinachohitajika na ulichonacho. Kama vifaa vyote unavyo na jina bado limefifia, basi ni Repair yako haijafika. Kuna jarida linaitwa Fixin' Things, linakupa Repair 10 zaidi kwa muda mfupi. Soma ukiwa umesimama mbele ya meza, si ukiwa njiani. Nimewahi kulisoma kisha nikatokewa na radscorpion, lile nge kubwa, nikamaliza kupigana na jarida limeshaisha nguvu.

Halafu perki, yaani uwezo maalumu unaouchagua ukipanda levo. Hapa ndipo inalipa au hailipi.

Hand Loader inataka levo 6 na Repair 70. Inafanya mambo mawili. La kwanza, inakufungulia mapishi yote ya juu ya risasi za baruti. La pili, ambalo ndilo ninaloliabudu, ni kwamba maganda yanakurudia mara nyingi zaidi ukifyatua. Kawaida kila ukipiga kuna bahati tu ya ganda kuingia begini lenyewe, hata kuinama huinami. Ukiwa na perki hii, bahati inakuwa mazoea.

Wewe upo 9 na perki zinakuja kila levo ya namba shufwa. Kwa Intelligence 6 unapata pointi 13 kila levo. Ukizitia zote Repair: levo ya 10 una 58, ya 11 una 71. Kwa hiyo levo ya 12 Hand Loader ni yako. Ukiokota kitabu cha Dean's Electronics kinakupa 3 za kudumu, unapumua kidogo.

Kuna kosa moja nilifanya, nalisimulia kwa sababu naona unaelekea hukohuko. Nilipopata meza kwa mara ya kwanza nikaona risasi zenye tundu kwenye ncha, hollow point, nikasoma kwamba madhara yake ni makubwa. Nikageuza akiba yangu yote kuwa hizo. Yote! Nikapanda Quarry Junction kwenda kuwashikisha adabu deathclaw, yale madubwana yenye makucha, kifua mbele.

Deathclaw ana kinga ya 15, ile DT. Kinga inatolewa kwenye kila risasi inayomgusa. Tuseme bunduki yako inapiga 30: ukitoa 15 anaumia 15. Risasi ya ncha tundu inapandisha 30 ikawa kama 50, vizuri, lakini inaizidisha kinga ya adui mara tatu. 15 inakuwa 45. 50 toa 45, zimebaki 5. Gemu ina huruma moja tu: risasi haishuki chini ya asilimia 20 ya nguvu yake, kwa hiyo anaumia 10. Nimetumia baruti yangu, fataki zangu na usiku mzima wa kubonyeza, ili nipige 10 badala ya 15. Wa kwanza alinifikia ningali nafyatua. Nilikuwa nimesevu kabla ya kutengeneza? Sikuwa nimesevu.

Ncha tundu ni ya watu wasio na deraya: majambazi wa Powder Gangers, Fiends wengi, mbwa, mijusi. Mwenye ngozi ngumu au vyuma mpe za kutoboa deraya, au za kawaida kama hizo huna. Ukikutana na mtu ndani ya deraya nzito ya T-51b, DT yake ni 25, usimwonyeshe kabisa risasi ya ncha tundu. Ni kumtekenya.

Na unapogeuza, geuza nusu.

MwangaMwekundu

Mtu wa leza nimefika.

Mzururaji, seli zako 214 si takataka, ila ukizipeleka meza ya fundi leo hii utasikitika, kwa sababu mapishi ya kawaida yanameza seli nyingi na kukurudishia chache. Perki ya kwetu sisi wa leza inaitwa Vigilant Recycler: levo 12, Science 70. Unarudishiwa seli tupu mara nyingi zaidi unapopiga, na pale kwenye meza yanatokea mapishi mapya yenye hasara ndogo. Ushauri wangu, zitafutie kabati salama, usizirejeshe mpaka uwe na perki. Mimi nilirejesha zangu kwa pupa nikiwa levo 8, baadaye nikipiga hesabu ya nilichopoteza nilizima gemu nikalala.

Ambacho unaweza kufanya sasa hivi ni kubadilishana. Kama unaokota energy cells za bastola ya leza na huna bastola hiyo, meza ya fundi inazigeuza kuwa microfusion. Hata electron charge packs za ile gatling. Huu ni utamu ambao FundiMaganda hana, kwake 9mm haiwi .357 bila kuvunjwavunjwa.

Chaji ya ziada, zile zinazoitwa over charge na max charge, tumia kwa adui mmoja mkubwa, si kila siku. Zinapiga kweli, lakini zinaitafuna bunduki. Utaokoa seli kisha uzimalizie vizibo kwenye matengenezo.

Tatizo lako ninaloliona ni jingine. Unataka zote mbili. Repair 45 kwenda 70 ni pointi 25. Science 52 kwenda 70 ni 18. Jumla 43. Levo za 10, 11 na 12 zinakupa 39.

Mzururaji_Jangwani

Duh. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya baruti naitafutia seli. Asanteni sana wakuu, na FundiMaganda ubarikiwe, hesabu ya deathclaw imenifanya nifute mpango wa jioni.

Nimefanya ulivyosema. 9mm zote nimevunja. Za .308 na 5.56 nimeuza, nikanunua baruti ya bastola yote waliyokuwa nayo. Nilikwama mara moja: vifaa vyote vipo, jina limefifia. Nikakumbuka jarida. Nilikuwa nalo moja, nililiokota siku ya pili nikakaribia kuliuza. Nimelisoma nimesimama mbele ya meza kama ulivyoagiza, nikabonyeza kwa kasi kama nafukuzwa. .357 zimefika mia na kitu, na bado nina maganda ya kubaki.

Sasa hapo kwenye 43 na 39 ndipo nimeishiwa nguvu. Levo ya 12 nichukue ipi?

FundiMaganda

Hand Loader. Ulitegemea niseme nini?

Lakini nikupe sababu. Repair haiishii kwenye risasi. Ukiifikisha 90, levo ya 14 kuna Jury Rigging, unatengeneza silaha yako kwa silaha nyingine ya jamii yake hata kama si ileile. Repeater yako sasa hivi ukitaka kuitengeneza unahangaika kutafuta repeater nyingine, kweli si kweli? Kwa hiyo kila pointi unayotia Repair inafanya kazi mbili. Science itakupa Recycler na kompyuta za watu, basi.

MwangaMwekundu

«Kompyuta za watu, basi.» Nimenyamaza kwa heshima.

Mzururaji, muulize hivi: ukifyatua .357 mia, unarudishiwa nini? Maganda. Baruti hairudi, fataki haiwezi kurudi, madini yamebaki kwenye mwili wa mtu. Kila mara ni lazima uende dukani. Mimi nikifyatua seli mia, kinachorudi ni seli, na meza ya fundi haiidai baruti ya Chet. Katika Hardcore, ukiwa mbali na duka, hiyo ni tofauti ya kuendelea na safari au kugeuza.

FundiMaganda

Hapo kwenye baruti amenishika. Ni kweli, baruti ndiyo kamba yangu shingoni, na maganda huwa yanabaki mengi kuliko vya kuyajaza. Ila mimi huwa sipati shida ya duka kwa sababu kila ninayemwua amebeba risasi za aina fulani, na za bastola ziko kila mahali. 9mm zinaokotwa kama mchanga. Naye ana seli za kuokota, lakini mwanzoni mwa gemu wenye leza ni wachache, utamkuta anasubiri msafara upite.

Mzururaji, jiulize ni ipi unayoichomoa ukishtuka. Mkono wako ukienda kwenye repeater, chukua Hand Loader. Ukienda kwenye leza, msikilize huyo mwenzangu.

Kibopa_wa_Freeside

Mnamtesa mtoto wa watu. Ana Intelligence 6, levo ya 13 atakuwa na pointi za kutosha zote mbili na levo ya 14 anachukua iliyobaki. Ni levo mbili tu. Wakati mnabishana angekuwa ameshafika.

Halafu swali dogo, kwa kuwa mmenianza. Hivi ni kweli mnaweza kupakia shotgani sarafu za Legion, lile jeshi la Caesar?

FundiMaganda

Ni kweli. Ganda la 12 na dinari zao zile za fedha. Si risasi bora, usinielewe vibaya, deraya nzuri inazichekea. Lakini kumpiga mtu wa Caesar kwa pesa ya Caesar kuna raha yake, na mimi huwa natembea na kumi hivi kwa ajili hiyo tu. Kwa hiyo nawe unakuja mezani?

Kibopa_wa_Freeside

Nauliza tu.

Mzururaji_Jangwani

Wakuu, nimefika levo ya 12.

Niliwasha bila kuamua nikasema nitajua hukohuko. Kulikuwa na majambazi wa Vipers wanne kwenye barabara, mmoja ana guruneti. Nilishtuka, mkono ukaenda kwenye repeater. Kabla hata sijahesabu nilikuwa nimefyatua kama ishirini, na ile sauti ya mkono wa chini unavyorudi juu, klak-klak, ikaniamulia.

Pointi zote nilikuwa natia Repair tangu 10, kumbe moyo ulishajua. Hand Loader.

Seli 214 nimeziweka kwenye kabati la chumba changu cha moteli pale Novac. Zimeshakuwa 231.